Tuko Chini ya Mto, na Tuko Juu Pia

Kwa kila base ya Kanairo kuna msee wa hii pointi: "Hizi maneno za tabianchi pelekea wazungu. Si hatuna viwanda, hatuna ndai, hata stima inapoteanga. Tunalaumiwa aje?" Maze, huyo msee askizwe kwanza, ju hesabu iko side yake. Mmarekani mmoja anatoa kaboni dioksidi zaidi ya tani 13 kwa mwaka. Mkenya hafikishi hata nusu tani. Stima yetu, karibu asilimia 90, inatoka kwa mvuke ya Olkaria, maji, upepo na jua. Afrika nzima, watu zaidi ya bilioni moja, inatoa kama asilimia 4 tu ya kaboni dioksidi yenye dunia inatoa kila mwaka. Kwa hivyo akisema si sisi tuliwasha hii moto, anabonga ukweli mtupu.

Penye mimi na yeye tunaachana ni pale anafunga risto hapo na kurudi kwa simu.

Cheki venye Aprili 2024 ilienda. Usiku ya tarehe 23 kuamkia 24, mvua ilichapa Kanairo, Mto Mathare ikapanda ikaingia kwa keja za mabati watu wakiwa wamelala. Mamathe walikuwa wanapandisha watoi juu ya paa gizani. Kuna wenye hawakuwahi. Tarehe 29, huko Mai Mahiu, maji yenye ilikuwa imezibwa nyuma ya tuta ya reli pale Old Kijabe ikapasua njia, ikateremka na mawe, matope na miti, na watu makumi wakadedi kabla jua itoke. Hiyo msimu peke yake ilimaliza zaidi ya Wakenya 200.

Na kumbuka hatukuwa tumepumua. Kutoka 2020 hadi mwanzo wa 2023, kule kaskazini, misimu tano ya mvua ilifeli ikifuatana. Mifugo zaidi ya milioni 2 zikaanguka Kenya hii. Familia yenye ilikuwa na ngamia na mbuzi za kusomesha watoi ikabaki na mifupa njiani. Wanasayansi wa World Weather Attribution walipiga hesabu wakapata ukame ya aina hiyo imeongezewa uwezekano angalau mara 100 na hii joto binadamu ameleta. Hewa ikizidi joto kwa digrii moja, inabeba unyevu zaidi kwa kama asilimia 7. Inafyonza udongo hadi inakuwa vumbi, halafu siku yenye inaachilia, inaachilia yote mara moja.

Lakini hao wanasayansi walisema kitu ingine yenye watu wengi waliruka. Mvua ya mwisho wa 2023, joto iliifanya nzito hadi karibu mara mbili. Ile ya Aprili na Mei 2024, joto iliongeza, lakini si sana. Kitu ilimaliza watu zaidi ni venye tumejenga na venye tumepangwa: mitaro zimejaa, ploti zimebanana hadi kwa ukingo, watu wamesukumwa wakaishi penye maji inapita ju hapo ndio kodi inawezekana. Halafu watu wa kingo wakapewa amri ya kuhama na tingatinga zikakuja. Ahadi ilikuwa ngiri kumi kwa kila familia. Mathe amepoteza godoro, jiko na biashara ya mboga, sasa anapoteza hata hizo mabati. Mtu mwenye amechoma mafuta kidogo kuliko wote ndiye amelipa bei mbaya kuliko wote. Hiyo si bahati mbaya, ni dhuluma, na tuiite hivyo.

Sasa fuata mto. Mto Nairobi inaanzia kwa kinamasi ya Ondiri, Kikuyu, ikiwa maji safi. Inapita mtaa kwa mtaa hadi tao, Gikomba, Korogocho, Dandora, Ruai. Inaingia Athi. Athi inashuka inakuwa Galana, Galana inakuwa Sabaki, na Sabaki inamwaga kwa Bahari Hindi kaskazini ya Malindi. Kwa hivyo msee wa Dandora ako chini ya Gikomba. Mkulima wa Makueni mwenye anachota Athi kunyunyizia sukuma ako chini ya Dandora. Mvuvi wa Sabaki ako chini yetu sote, na hajui hata jina ya mtaa yetu.

Kwa hewa, si ndio tuko chini. Marekani, Ulaya, China na wenye kuchimba mafuta wako juu, na mwaga yao inatufikia ikiwa mafuriko na njaa. Tunataka wakubali, wapunguze, walipe. Niko ndani ya hiyo kesi kabisa. Lakini kwa hiyo mto, si pia tuko juu ya mtu. Haki yenye tunadai kutoka kwa wa juu ndiyo ileile wa Sabaki anatudai, na huwezi kuishika mkono mmoja tu.

Gikomba, ile soko ya mitumba, inaonyesha hii maneno poa sana. Belo inafunguliwa asubuhi, kamera, yaani nguo safi kabisa, zinachaguliwa na wenye maduka, halafu bei inashuka hadi ifike fagia, yaani mabaki ya bei ya chini. Hiyo kazi inalisha watu wengi, na kuvaa nguo yenye imeshavaliwa ni afadhali kuliko kushona mpya. Naipenda mitumba, sitadanganya mtu. Ngori ni kwamba kwa hizo belo kunakuwanga na nguo zimeraruka, zina madoa, haziuziki hata fagia, na nyingi siku hizi ni polista, yaani plastiki yenye imesokotwa. Mtu huko ng'ambo alitoa akijiona amesaidia. Huku zinaishia kwa ukingo, zinajaa matope, mvua ikikuja zinaziba daraja. Hapo mtu wa juu ametumwagia. Na si tukizisukuma kwa maji, tumemmwagia mwingine.

Dandora ni hivyo hivyo. Ile dampo ilifunguliwa 1975, na 2001 ikatangazwa imejaa. Bado malori zinaingia kila siku. Mabaki ya chakula yenye tunafunga pamoja na plastiki ikifika huko inazikwa, inaoza bila hewa, inatoa methani, na methani kwa miaka 20 inapika dunia karibu mara 80 kuliko kaboni dioksidi. Kutenga maganda ya viazi na chupa kwa keja yako haichukui hata dakika. Kuna wasee wa mkokoteni wenye wanabuy chupa kwa kilo, na kuna mfugaji wa nguruwe mahali karibu nawe mwenye anatafuta hayo maganda.

Wasee wa Korogocho walishika hii mapema. Mbogi ya Komb Green Solutions ilianza 2017 kwa ukingo wenye watu walikuwa wanaogopa kupita hata mchana. Wakatoa takataka kwa mkono, wakapanda miti na mboga, wakatengeneza bustani penye watoi wanacheza. Hawakungoja mkutano ya kimataifa. Mathare nako kuna vijana wanapanda miti wakikumbuka mabeste wao wenye waliuliwa mtaani, na wanazitunza hizo miti. Hiyo ndiyo tofauti kubwa na miche ya kupigiwa picha tu. Nchi inataka miti bilioni 15 kufikia 2032, na hata kuna siku za mapumziko zimetolewa za kupanda. Poa. Lakini mche bila mtu wa kuipea maji Januari hautafika Machi.

Na kupanda peke yake haitoshi. Kuna wakati lazima usimame mbele ya mtu ako na nguvu. Msitu ya Karura, penye watu siku hizi wanaendanga deti na kukimbia Jumamosi, ilikuwa inagawiwa wadosi. Januari 1999 Profesa Wangari Maathai alienda kupanda mti hapo akapigwa hadi damu ikatoka kichwani. Alirudi. Leo msitu iko.

Kama unafikiria hiyo ni ya zamani, angalia wanafunzi wa sheria wa visiwa vya Pasifiki. 2019 walikaa darasani wakaamua kesi ya tabianchi ifike mahakama kubwa zaidi ya dunia. Watoi wa chuo, bila doh. Wakaskizwa na serikali ya Vanuatu, Vanuatu ikasaka kura Umoja wa Mataifa, na tarehe 23 Julai 2025 Mahakama ya Kimataifa ya Haki pale Hague ikatoa maoni: nchi ziko na wajibu kisheria kulinda hali ya hewa, na yenye inakiuka inaweza kudaiwa fidia. Ule mfuko wa hasara na uharibifu, wa kusaidia nchi zenye tabianchi imeumiza, wenye ulikubaliwa Sharm el-Sheikh 2022 ulikuwa umeahidiwa dola kama milioni 700 hivi, kitu kidogo sana ukiweka kando ya mabilioni zenye mafuriko na ukame zinakula. Lakini na hayo maoni ya mahakama, sasa wa kudai ako na karatasi mkononi.

Hapa nyumbani karatasi tuko nayo kutoka 2010. Kifungu cha 42 cha Katiba kinakupea haki ya mazingira safi. Cha 69 kinasema kila mtu ako na wajibu wa kuyalinda, si serikali peke yake. Cha 70 kinakuruhusu kwenda kortini hata kama si wewe umeumia: unaweza kusimama kwa niaba ya mvuvi wa Sabaki mwenye hujawahi kumwona. Na kaunti nyingi sasa ziko na kamati za tabianchi hadi wadi, na ndani kuna kiti ya kijana. Uliza chifu ama MCA wako nani amekalia hiyo ya kwenu, na lini walikutana mwisho. Vikao vya maoni ya bajeti ya kaunti huwanga kabla Juni iishe, mlango iko wazi kwa mwananchi yeyote, na pale ndipo inaamuliwa kama mtaro ya mtaa yako itachimbuliwa kabla ya mvua ama itarukwa mwaka mwingine.