Sala ya Toba Hailipi Deni la Jirani

“Mchungaji, nisali sala gani ili Mungu anisamehe nilivyomdhulumu fulani?” Swali hili naulizwa Arua, naulizwa Koboko, baada ya ibada na hata msibani. Nami nikiuliza, “Huyo fulani umemwendea?” najibiwa kwamba jambo lenyewe ni kati yake na Mungu. Si kweli. Jambo hilo lina watatu, na mmoja wao hajaambiwa kitu.

Wenye kauli hiyo hukimbilia Zaburi ya 51, ambamo Daudi anakiri kwa Mungu kana kwamba hakumkosea mwingine yeyote. Basi waisome pamoja na 2 Samweli 11 na 12. Uria, ambaye Daudi alimchukulia mke, alikuwa amekwisha kuuawa kwa agizo la Daudi. Hakuwepo wa kumwendea. Nabii Nathani alipomsimulia habari za tajiri aliyemnyang’anya maskini mwanakondoo wake, Daudi mwenyewe alihukumu kwamba mwanakondoo alipwe mara nne. Hakusema tajiri afunge na kuomba. Zaburi hiyo inafundisha kwamba anayemdhulumu mtu amemkosea na Mungu pia. Haimfuti aliyedhulumiwa.

Torati haiachi nafasi ya kubishana. Walawi 6 inamtaka mdhulumu arudishe mali yote, aongeze sehemu ya tano, na sadaka yake aje nayo. Hesabu 5 inasema mdhulumiwa akiwa hana jamaa wa kupokea, malipo yaende kwa kuhani. Hata kutokuwa na mrithi hakufuti deni. Na katika Mathayo 5, Yesu anamtaka mtu aiache sadaka madhabahuni, akapatane kwanza na nduguye.

Chukua dhuluma tunayoijua sote hapa West Nile, Uganda: mpaka wa shamba. Mtu anang’oa mti wa mpaka usiku, anaingia hatua tatu katika ardhi ya mjane, anapanda muhogo. Dhamiri inamsumbua. Anafunga, anakesha kwenye maombi, anapakwa mafuta ya upako, anatoa sadaka ya “mbegu”. Muhogo unakomaa. Anauvuna, anaukausha, anauuza, na zaka yake anaileta kanisani. Mjane bado amepungukiwa hatua tatu. Mhubiri anayemwambia mtu huyu kwamba mafuta na mbegu vimemfungua anamdanganya, na akiipokea sadaka ile huku akijua ilikotoka, anakula naye jasho la mjane.

Wengine hunijibu kwamba neema ni ya bure, na yule mhalifu msalabani hakurudisha kitu. Mhalifu yule alikuwa ametundikwa, anakata roho. Wewe una miguu na simu. Mtazameni Zakayo mtoza ushuru: Yesu alimwita kwanza, ndipo yeye akaahidi kurudisha mara nne. Hakuwa ananunua neema. Neema ilipomfikia, hakuweza tena kukaa na mali ya watu.

Wala sijabuni lolote. Uamsho wa Afrika Mashariki, uliochipuka Gahini, Rwanda, na kufika hadi kwetu, uliwafanya walokole wajulikane kwa kurudisha walivyoiba na kulipa madeni. Kitabu cha Sala cha Waanglikana cha mwaka 1662 kinamtaka mdhulumu awe tayari kulipa kabla ya kukaribia Meza ya Bwana. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 1459, inafundisha kwamba maondoleo huiondoa dhambi lakini hayatengenezi yote yaliyoharibika. Jirani zetu Waislamu nao hufundishwa kwamba haki ya mja, yaani mwanadamu, lazima imrudie mwenyewe.

Na West Nile ina madeni mazito kuliko mipaka. Idi Amin alipopinduliwa mwaka 1979, watu wa huku walilipiziwa kisasi. Tarehe 24 Juni 1981 wanajeshi wa serikali waliwaua raia waliokimbilia misheni ya Ombaci, karibu na Arua. Wapo pia waliotoka kwetu wakaumiza wengine. Sheria ya Msamaha ya mwaka 2000 iliwakinga waasi walioweka silaha chini wasishtakiwe na serikali. Haikumrudishia yeyote ng’ombe wake, wala haikumwomba radhi mama aliyefiwa.

Sasa la kufanya. Umeiba? Rudisha, na uongeze. Huna kwa mkupuo? Kubalianeni kulipa kidogo kidogo mbele ya shahidi. Umesingizia? Kanusha palepale uliposemea, kwa watu walewale. Ni ardhi? Waite wazee na mwenyekiti wa baraza la mtaa (LC), urudishe mpaka mchana. Yuko Kampala au Juba? Mpigie, mtumie fedha. Amekufa? Nenda kwa watoto wake. Hana jamaa? Wape maskini. Umempiga au umembaka? Usimfuate nyumbani kumdai msamaha. Nenda polisi ukajisalimishe. Uliyemdhulumu akikataa kukusamehe, ni haki yake, nawe lipa vilevile. Hayo yote yasindikize kwa sala, kwa maneno yoyote uliyo nayo. Mungu hataki ufasaha.

Wachungaji, mapadri na makatekista wenzangu, mtu akija kuombewa kwa sababu ya dhuluma, tusikimbilie kumwekea mikono. Tumsindikize kwanza hadi mlangoni kwa aliyemdhulumu.