Thuluthi Mbili ya 47 ni Ngapi? Jinsi Magavana Wanavyobadilishwa Kericho na Bomet

Oktoba 2, 2024, bunge la Kaunti ya Kericho lilipiga kura ya kumtimua Gavana Erick Mutai. Bunge hilo lina wawakilishi 47: 30 waliochaguliwa katika wadi na 17 walioteuliwa kupitia orodha za vyama. Waliounga mkono hoja walikuwa 31. Uamuzi ukapelekwa Seneti, na wengi wakaona gavana amekwisha.

Oktoba 14, Seneti iliifunga kesi hiyo kabla ya kusikiliza ushahidi wa shtaka lolote. Upande wa gavana ulikuwa umeleta pingamizi la awali lililosimama juu ya hesabu ya shule ya msingi. Kifungu cha 33 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 kinataka hoja ya kumwondoa gavana iungwe mkono na angalau thuluthi mbili ya wawakilishi wote. Gawanya 47 kwa tatu, kisha zidisha kwa mbili: unapata 31 na thuluthi. Mwakilishi hagawanyiki vipande, na kwa kuwa sheria imesema “angalau”, huwezi kushuka hadi 31 ukadai umefika. Zilitakiwa kura 32. Mutai alibaki na kiti kwa sababu ya kura moja iliyokosekana.

Mkulima wa chai wa Kabianga ana haki ya kuuliza hayo yanamhusu nini. Kabianga ni wadi katika eneobunge la Belgut. Barabara nyingi ambazo majani yake hupitia kwenda kiwandani ziko chini ya kaunti, na zahanati anakopeleka mtoto iko chini ya kaunti. Gavana akibadilika, anayeamua pesa za mambo hayo amebadilika. Hata hivyo, katika kura ile ya Oktoba mkulima huyu hakuwa na nafasi isipokuwa kupitia mwakilishi wake wa wadi. Katika ngome ya chama kimoja, mabadiliko ya uongozi hutokea zaidi mahali ambapo wapiga kura wengi hawaangalii: katika mchujo wa chama, katika kiti cha naibu gavana, na katika safari ya hoja kutoka bunge la kaunti hadi Seneti. Uchaguzi wa Agosti, mara nyingi, huidhinisha tu kilichokwisha kuamuliwa.

Majina ya vyama hubadilika, kura hubaki pamoja

Tazama jinsi eneo hili la Kericho na Bomet lilivyopiga kura. Kwa miaka mingi lilikuwa la KANU chini ya Daniel arap Moi. Mwaka 2007 likahamia ODM, 2013 likaenda URP, 2017 Jubilee, na 2022 UDA. Majina ni matano, lakini mkondo ni uleule: kura hufuata chama alimo kiongozi mkuu wa Wakalenjin wa wakati huo. Tangu 2007 kiongozi huyo amekuwa William Ruto.

Waliojaribu kwenda kinyume walilipa gharama. Isaac Ruto alichaguliwa gavana wa kwanza wa Bomet mwaka 2013 kwa tiketi ya URP, akawa pia mwenyekiti wa kwanza wa Baraza la Magavana. Alipokosana na wakubwa wa chama aliunda Chama Cha Mashinani, na mwaka 2017 akajiunga na muungano wa NASA wa Raila Odinga. Joyce Laboso wa Jubilee alimshinda. Mwaka mmoja kabla ya hapo, Machi 2016, Kericho ilikuwa na uchaguzi mdogo wa useneta baada ya Charles Keter kuteuliwa waziri. KANU ya Gideon Moi ilipigana kwa nguvu, lakini kiti kilichukuliwa na Aaron Cheruiyot wa Jubilee Alliance, ambaye leo ni kiongozi wa wengi katika Seneti.

Wanasiasa wameusoma mkondo huo. Anayetaka kumpiga vita gavana hahami chama. Hubaki ndani na kumvizia humo. Ndiyo maana vita vya Kericho havijawa vya UDA dhidi ya upinzani. Upinzani wenyewe umehamia ndani ya UDA.

Upinzani kuingia ndani ya chama tawala kuna historia yake. Katiba ya majimbo ya 1963, iliyopiganiwa na chama cha KADU, ilizipa sehemu za nchi mabunge yao, na miongoni mwa viongozi wa KADU alikuwamo Taita Towett wa Kericho. Novemba 1964 KADU ilijivunja na kuingia KANU. Majimbo hayakuwa na mtetezi tena bungeni, na baada ya miaka michache Seneti nayo ikafutwa. Ugatuzi wa Katiba ya 2010 una mizizi imara zaidi kisheria, lakini funzo la 1964 lingalipo: nguvu ya serikali ya mashinani hutegemea sana kama kuna ushindani wa kweli wa vyama.

Njia ya kwanza: mchujo

Aprili 2022, Charles Keter alirudi Kericho kutafuta tiketi ya ugavana ya UDA. Alikuwa amewahi kuwa seneta na waziri, na alijiuzulu uwaziri ili agombee. Erick Mutai akamwangusha katika mchujo. Kwa hiyo kiti cha gavana kiliamuliwa miezi minne kabla ya Wakenya kwenda debeni Agosti 9.

Sheria ya vyama vya siasa inaruhusu mchujo wa moja kwa moja, ambapo wanachama hupiga kura, au uteuzi kupitia wajumbe. Tofauti ni kubwa mno. Katika ule wa kwanza mgombea hutafuta maelfu ya watu vijijini; katika wa pili hutafuta orodha fupi ya watu wanaojulikana kwa majina. Anayeshindwa anaweza kusimama kama mgombea huru, ila Katiba inataka awe ametoka chamani angalau miezi mitatu kabla ya uchaguzi. Tena, katika ngome, mgombea huru hupambana na wimbi zima la kura ya suti, yaani kuchagua chama kimoja kuanzia rais hadi mwakilishi wadi.

Njia ya pili: kiti kinapobaki wazi

Juni 10, 2008, ndege ndogo ilianguka karibu na Narok. Miongoni mwa waliokufa walikuwa Waziri wa Barabara Kipkalya Kones, mbunge wa Bomet, na Waziri Msaidizi Lorna Laboso, mbunge wa Sotik. Septemba mwaka huo kulifanyika uchaguzi mdogo. Bomet ilimchagua Beatrice Kones, na Sotik ikamchagua Joyce Laboso, dada ya marehemu Lorna.

Joyce alipanda hadi kuwa Naibu Spika wa Bunge la Taifa, na mwaka 2017 akawa gavana wa Bomet, mmoja wa wanawake watatu wa kwanza kuchaguliwa magavana Kenya. Alifariki Julai 29, 2019. Safari hii watu wa Bomet hawakuitwa kupiga kura. Chini ya Kifungu cha 182 cha Katiba, naibu gavana, Hillary Barchok, aliapishwa siku chache baadaye na kumalizia muhula.

Mbunge akifa, wananchi huchagua upya. Gavana akifa, naibu hurithi. Uchaguzi wa gavana hufanyika katikati ya muhula pale tu ambapo naibu naye hayupo. Kwa hiyo jina la pili kwenye karatasi ya kura, ambalo wengi hulipita bila kulisoma, ni jina la gavana wa akiba.

Kifungu hichohicho kina kipengele kingine kinachosahaulika. Naibu akirithi kiti huku muda uliobaki ukizidi miaka miwili na nusu, huhesabiwa ametumikia muhula mzima. Barchok alirithi ikiwa imebaki miaka mitatu, kisha akachaguliwa kwa tiketi ya UDA mwaka 2022. Mihula yake ni miwili, na hawezi kutetea kiti 2027.

Njia ya tatu: hoja

Sababu za kumwondoa gavana ziko katika Kifungu cha 181: ukiukaji mkubwa wa Katiba au sheria nyingine, sababu nzito za kuamini ametenda kosa la jinai, matumizi mabaya ya ofisi au mwenendo mbaya uliokithiri, na kutojiweza kimwili au kiakili. Mwakilishi anayeleta hoja sharti aungwe mkono na thuluthi moja ya wenzake ili ijadiliwe. Ikipata thuluthi mbili, Spika wa kaunti huijulisha Seneti ndani ya siku mbili. Huko, kaunti 47 zikiwa na kura moja kila moja, kura 24 zinatosha kumwondoa gavana. Kikwazo kilicho juu zaidi kiko nyumbani, si Nairobi.

Agosti 2025 wawakilishi wa Kericho walijaribu tena. Safari hii bunge lilitangaza kura 33, zilizopigwa kwa mfumo wa kielektroniki. Hesabu ya 32 ilikuwa imetimia na kupita. Lakini baadhi ya wawakilishi waliohesabiwa waliapa kwamba hawakupiga kura hiyo. Mwishoni mwa mwezi Seneti ilikubali kwamba thuluthi mbili haikufikiwa, na Mutai akaokoka mara ya pili. Mara zote mbili shauri lilikwama kwenye idadi, na madai ya matumizi mabaya ya pesa za umma hayakupata hukumu ya Seneti, ya kumtia hatiani wala ya kumsafisha.

Linganisha na Naibu Rais Rigathi Gachagua, aliyeondolewa na Seneti hiyohiyo Oktoba 17, 2024, siku tatu baada ya Mutai kuokoka mara ya kwanza. Bunge la Taifa lilikuwa limepata kura 281 ilhali 233 zingetosha. Hoja yenye ziada kubwa namna hiyo haiachi nafasi ya kugombania hesabu. Magavana walioangushwa nao hawana mfano mmoja: Ferdinand Waititu wa Kiambu na Mike Sonko wa Nairobi, wote walioondolewa mwaka 2020, walichaguliwa kwa tiketi ya chama tawala cha wakati huo, ilhali Kawira Mwangaza wa Meru alikuwa mgombea huru. Chama hakimkingi gavana ambaye wakubwa wa chama wamemwacha.

Wananchi nao je? Sheria inataja haki ya wapiga kura kumwita nyumbani mbunge au mwakilishi wadi kabla ya muhula kuisha. Gavana hakutajwa. Hoja ya kumng'oa huanzishwa na wawakilishi na kuamuliwa na Seneti, na katika ngome wengi wa wawakilishi hao wanatoka katika chama kilekile cha gavana.

Uchaguzi ujao ni Agosti 10, 2027. Anayetaka neno lake lisikike asingoje siku hiyo. Athibitishe sasa, katika rekodi za Msajili wa Vyama vya Siasa, ameandikishwa chama gani, kwa kuwa Wakenya wengi wamewahi kujikuta kwenye vyama wasivyojiunga navyo. Asome jina la mgombea mwenza. Na atakapofikiwa na anayeomba kura ya uwakilishi wa Kabianga, asipoteze muda kumuuliza ataleta barabara ngapi, maana mwakilishi wadi hajengi barabara. Amuulize: siku ya hoja utapiga kura vipi, na ukiulizwa kesho yake utakiri kwamba kura ile ni yako?