Uko Kakamega, lakini akili iko wapi?

Mvua ya Kakamega ikianza alasiri, watu hukimbilia veranda za maduka mjini. Watazame: wanafunzi wa Masinde Muliro, mama mboga, vijana wa boda. Shingo zote zimeinama kwenye simu. Mmoja anarudia kusoma ujumbe wa jana uliomuudhi, mwingine anapigia hesabu karo ya muhula ujao. Mwili umejikinga mvua hapa, akili ishaenda zake.

Hali hii imepimwa. Mwaka wa 2010, Matthew Killingsworth na Daniel Gilbert wa Chuo Kikuu cha Harvard walichapisha utafiti katika jarida la Science. Kupitia simu, waliwauliza watu wazima 2,250, saa yoyote ile, wanafanya nini, wanawaza nini na wanajisikiaje. Karibu asilimia 47 ya majibu yalionyesha mtu anawaza jambo jingine kabisa, si lile analofanya. Na akili ikiwa mbali, furaha ilikuwa chini. Hata waliowaza mambo matamu hawakuwazidi waliokuwa wamezama katika shughuli yao.

Dawa inayosifiwa siku hizi ni kuwepo, yaani kuirudisha akili pale ulipo. Jon Kabat-Zinn ndiye aliyeipeleka hospitalini mwaka wa 1979, huko Massachusetts, Marekani, kwa mafunzo ya wagonjwa wenye maumivu yasiyoisha. Mbinu aliichota kwa Wabudha, dini akaiacha kando, kwa hivyo usihofu kwamba unabadilishwa imani. Tena kunyamaza si jambo geni Magharibi. Waquaker, waliofika Kaimosi mwaka wa 1902, asili ya ibada yao ni kukaa kimya, ingawa huku kwetu tuliipamba kwa nyimbo.

Zoezi lenyewe halina siri. Kaa, fuata pumzi ikiingia na kutoka. Akili itatoroka. Ukigundua, irudishe bila kujitukana. Itatoroka tena, pengine baada ya sekunde tatu. Huko kuirudisha ndiko zoezi lenyewe. Wengi huacha siku ya pili wakidhani wamefeli kwa sababu walishindwa kutowaza kitu. Hakuna anayeweza hilo, manze.

Mitandaoni utauziwa mkeka, mshumaa na programu ya kulipia kila mwezi. Weka pesa yako. Kwenye keja ya Lurambi, ambako jirani anapiga muziki hadi usiku wa manane, una sufuria na mwiko. Ugali unahitaji mtu aliyepo, la sivyo unakula madonge. Sikia uzito wa mwiko, joto la mvuke usoni, harufu unga unapoiva. Halafu kula simu ikiwa mbali. Kuna watu hula ingokho wakitazama TikTok, wakashtukia mifupa tu.

Ukipata Jumamosi moja, nenda Msitu wa Kakamega, upande wa Isecheno au Buyangu. Ni kipande kilichosalia nchini cha misitu ya mvua iliyowahi kuungana na ile ya Kongo, na kina aina zaidi ya 300 za ndege. Tembea na mwelekezi. Kila mara atakusimamisha na kukunyamazisha, maana humu ndege husikika kwanza, kuonekana baadaye. Mbega watakuwa juu ya vichwa vyenu. Ukiwa bize kujipiga picha, utarudi mjini na picha za uso wako.

Lakini tusidanganyane. Kuvuta pumzi hakulipi kodi wala hakumletei mhitimu kazi. Bosi asipokulipa, dai chako. Mpenzi akikupiga, ondoka, usikae hapo ukifuata pumzi. Na kama umepoteza usingizi na hamu ya kula kwa wiki kadhaa, au unawaza kujiua, nenda hospitali leo. Ile ya rufaa ya kaunti iko hapa mjini.

Jambo jingine ambalo video nyingi hazisemi: kwa aliyepitia mambo mazito, kufumba macho kimya kunaweza kurudisha yote kwa kishindo. Ikikutokea, acha. Fungua macho, gusa ukuta, toka nje utembee, na umpigie mtu unayemwamini. Hapo simu itoe mfukoni haraka.