Marekani: Jeli ya maji inayovutika mara 20 bila kukatika

Gegedu, ule mfupa laini unaokinga mifupa ya goti isisuguane, likiharibika halijirekebishi kwa urahisi. Watafiti wanatafuta kitu cha kushika nafasi yake: haidrojeli, jeli iliyojaa maji kama gegedu lenyewe.

Shida ni kwamba haidrojeli nyingi hukatika upesi. Mwaka 2012, kundi la Zhigang Suo wa Chuo Kikuu cha Harvard lilichanganya nyuzi za aina mbili. Za kwanza, zitokazo kwenye mwani, hushikanishwa na kalsiamu: zikivutwa huachiana kidogo kidogo, kisha huweza kushikana tena. Za pili hurudisha umbo. Jeli hiyo, yenye maji karibu 90%, ilivutika mara 20 ya urefu wake.

Kabla ya kuwekwa gotini, jeli kama hiyo lazima ibebe uzito wa mtu kwa miaka mingi bila kumdhuru.