Mba ya Usoni Haikuletwa na Chumvi

Aliyeshinda kwenye madimbwi ya chumvi ya Ziwa Katwe, wilayani Kasese, anajua jinsi maji yale yanavyokula ngozi. Mkwaruzo mdogo mguuni hugeuka kidonda, na vidole hupasuka. Basi kila kinachowasha mwilini husingiziwa chumvi, hata magamba ya kwenye nyusi na pembeni mwa pua.

Tazama mahali yalipo. Chumvi huumiza pale inapogusa, na hukausha. Ugonjwa huu, ambao madaktari huuita dematitisi ya seboriki, hutafuta penye mafuta: kichwani, kwenye nyusi, mikunjo ya pua, nyuma ya masikio, katikati ya kifua. Magamba yake huteleza kwa mafuta. Vitabu vingi husema ngozi huwa nyekundu, lakini hivyo viliandikwa kwa kutazama Wazungu. Kwetu mara nyingi huonekana mabaka yaliyopauka, pengine ya mviringo, na mtu akadhani ni mapunye.

Chanzo ni hamira ya ngozi iitwayo Malassezia. Karibu kila mtu mzima anayo. Hula mafuta ya ngozi, na yale inayoyabakiza huwachokoza baadhi yetu. Kwa hiyo si uchafu, wala huambukizwi kwa kuazima kitana. Mapunye ndiyo husafiri kwa kitana na mashine ya kinyozi, nayo huhitaji vidonge.

Kichwani, shampuu ya ketokonazoli ya asilimia 2 hutumika mara mbili kwa wiki, kwa wiki 2 hadi 4. Wengi huipaka na kuisuuza papo hapo, kisha hulalamika kuwa ni feki. Iache dakika 5, na ifike kwenye ngozi, si juu ya misuko tu. Usoni hutosha krimu ya ketokonazoli, pengine na haidrokotisoni ya asilimia 1 kwa siku chache. Ugonjwa hurudi, dawa nayo irudiwe.

Ninachokiogopa ni watu kuyapaka magamba haya krimu ya klobetasoli, ileile ya kujichubua. Siku ya tatu uso unang'aa. Baada ya miezi ngozi imekuwa nyembamba, chunusi zimejaa, na magamba yapo palepale.

Magamba yakizuka ghafla, yakasambaa na kukataa dawa, pima VVU; ugonjwa huu huwashika zaidi wenye kinga iliyoshuka. Hospitali ya Bwera, hapa Kasese, ni ya serikali, na kipimo hakilipiwi. Wengi wenye VVU wakishaanza dawa za ARV, ngozi nayo hutulia.