Ukale wa Kubuni: Kijani cha Chai ya Litein katika Video

Aghalabu anayeipa video ya leo sura ya filamu kuukuu hukimbilia mikwaruzo na chenga. Hayo ni mapambo. Ukale umo katika rangi. Mathalani, video ya wachuma chai wa Litein. Katika filamu nyingi za rangi za kabla ya miaka ya 1980, kijani kiliundwa kwa tabaka mbili: samawati na manjano. Samawati ndiyo iliyopauka kwanza, hivyo majani ya chai yangegeuka manjano na picha nzima kutanda wekundu. Basi mhariri na apunguze samawati kwanza. Tena auandike mwaka halisi wa kurekodi. Pasipo huo, mjukuu ataidhania kumbukumbu ya enzi za babu yake.