Inveta Haizai Umeme

Ndugu msomaji wa Sikonge, fedha ya asali au tumbaku imepatikana, nawe wataka kununua inveta ya sola. Ngoja kidogo, ufahamu kwanza kazi yake.

Umeme wa betri ni wa volti 12, nao huenda upande mmoja tu. Televisheni ya kawaida hutaka volti 230, tena umeme wa kwenda na kurudi mara 50 kila sekunde. Inveta huugeuza ule uwe huu, basi. Nayo hula sehemu yake njiani, kama watemi wa zamani walivyotoza misafara hongo; hula hata ikiachwa inawaka bila kazi. Usiku uizime.

Je, pasi? Hasha! Pasi ya wati 1000 huvuta zaidi ya ampea 80 katika betri. Betri ya ampea-saa 100 haimalizi saa moja, na waya mwembamba waweza kuwaka moto chini ya paa la nyasi. Pasi ya makaa yatosha. Taa za volti 12 nazo hazina haja ya inveta kabisa.

Ukifika dukani, jumlisha wati za vyombo utakavyowasha pamoja. Inveta iizidi jumla hiyo.